Kundi letu la kusoma limebaki watu watatu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa takwimu kwenye chuo kimoja cha umma. Darasa langu la mwaka wa kwanza lina wanafunzi kama mia nne, na kila mwaka theluthi nzima wanapata sapu, yaani mtihani wa marudio. Kwa hiyo mwaka jana nikawakusanya wahadhiri wenzangu tuwe tunasoma pamoja maandishi kuhusu ufundishaji. Tulianza watu tisa, tukachagua kitabu kimoja kinene, kila mtu akapewa sura yake. Kikao cha nne tulikuwa watatu. Sasa Mkuu wa Idara amesikia na anataka kundi liwe rasmi, lenye rejesta na ripoti ya kila mwezi. Nikubali? Tusome nini? Na hivi kweli kusoma huku kunabadilisha chochote darasani, au tunajifurahisha tu?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Naona kilichokuuma zaidi ni hiyo tisa kuwa tatu, kwa hiyo nianzie hapo. Kundi langu la kwanza lilianza na watu kumi na wanne likaishia na mtu mmoja, na huyo mmoja ni mimi. Tulifungua kwa mgeni rasmi, bango na maji ya chupa. Kulikuwa na fungu la mradi, kwa hiyo miezi miwili ya mwanzo kila aliyesaini alipata posho ya kikao. Kitabu kilikuwa na kurasa zaidi ya 300. Tulikipiga kopi chote, tukakitia ringi, kila mtu chake. Fungu likaisha na watu wakaisha. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kantini kununua mihogo ya kukaanga, nikafungiwa kwenye ukurasa wa sura ya tano. Niliutambua kwa mwandiko wa pembeni. Ulikuwa wangu.

Kwa muda mrefu nilikuwa nasema kilichotuua ni posho. Siku hizi sisemi hivyo. Watu walikuwa wameshachoka hata kabla posho haijakatika. Walikuwa wanakuja kusaini. Kilichotuua ni hicho ninachokiona kwenye barua yako: kila mtu na sura yake. Ukishagawa sura, mtu wa sura ya nne anasoma sura ya nne peke yake, anatengeneza slaidi, anatuhadhiria dakika arobaini, tunamuuliza maswali mawili ya adabu, tunamwambia amejitahidi sana, tunaondoka. Tulikuwa walimu wa chuo kikuu tunaolalamikia mihadhara isiyoingia kichwani, na dawa tuliyoipata ni kuhadhiriana mihadhara isiyoingia kichwani. Katika miezi ile yote hakuna aliyemuuliza mwenzake: kwani darasani kwako kuna nini?

Kundi la pili nililianza kwa kuligeuza. Shida ya darasa kwanza, karatasi ya kusoma baadaye. Ngoja nikupeleke kwenye kikao kimoja, maana nikieleza kijumla itakuwa tena slaidi.

Alhamisi, saa tisa alasiri, chumba cha semina chenye feni moja inayogonga. Tuko sita: sheria, uhasibu, fizikia, fasihi, uuguzi, na mimi wa elimu. Mwenzetu wa uhasibu ameleta jibu moja la mtihani, namba ya mtahiniwa ameifunika kwa kipande cha karatasi. Swali lilikuwa linahusu uchakavu wa mashine: kokotoa, kisha eleza kwa nini uchakavu unapunguza faida ya kampuni lakini haupunguzi fedha iliyoko benki. Mwanafunzi amekokotoa sawasawa, hadi shilingi ya mwisho. Halafu kwenye maelezo ameandika kwamba kampuni imelipa uchakavu huo kwa hundi.

Tukacheka kidogo, halafu tukanyamaza. Mwenzetu akasema, "Nimewafundisha jambo hili wiki tatu. Nina madokezo, nina mifano, nilirudia kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Na aliyeandika hivi si mmoja." Wa sheria akasema kwake wapo pia: anakutajia kesi kumi kwa majina na miaka, ukimpa mgogoro wa shamba la babu yake mwenyewe hajui aanzie wapi. Wa uuguzi naye akawa na wake. Kwa nusu saa hatukuwa tumesoma chochote, na hicho ndicho kikao bora nilichowahi kukaa katika miaka yangu yote ya kazi hii.

Karatasi ya kusoma ilikuja hapo, kwa sababu mtu wa fizikia alisema, "Kuna Mzungu wa Harvard yalimpata hayo hayo." Ni kweli. Eric Mazur alikuwa akifundisha fizikia ya mwaka wa kwanza Harvard, wanafunzi wakimsifu na mitihani wakifaulu. Mwaka 1985 Ibrahim Halloun na David Hestenes wa Arizona State walikuwa wamechapisha matokeo ya jaribio la dhana za nguvu na mwendo, maswali ya lugha ya kawaida yasiyodai hesabu. Mfano wa aina hiyo ya swali: lori zito likigongana na kigari kidogo, lipi linalisukuma lenzake kwa nguvu zaidi? Mazur aliona kwa wanafunzi wa Harvard itakuwa mteremko. Akawapa. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama walivyofundishwa, au kama anavyofikiri yeye mwenyewe? Matokeo yakawa mabaya. Wanafunzi waliokuwa wanamaliza hesabu ngumu za kanuni ya tatu ya Newton walikuwa bado wanaamini lori ndilo linalosukuma zaidi, wakati nguvu zinalingana.

Soma tena swali la yule mwanafunzi. Yule wetu wa uchakavu alikuwa na vichwa viwili vile vile: kimoja cha kukokotoa, kingine cha kuelewa, na katikati hakuna mlango. Mazur aliacha kuhadhiri mfululizo. Anaeleza kidogo, anatoa swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu anajibu peke yake, halafu anageukia jirani yake na kujaribu kumshawishi, halafu wanajibu tena. Mwaka 2001 yeye na Catherine Crouch walichapisha matokeo ya miaka kumi ya kufanya hivyo. Makala fupi anayosimulia safari yenyewe ilitoka kwenye jarida la Science Januari 2009, nayo ina kurasa mbili. Mbili! Sisi tulikuwa tumeua kundi zima kwa kurasa mia tatu.

Jumatatu iliyofuata mwenzetu wa uhasibu akajaribu. Hakuna vidude vya kubonyezea majibu kama vya Marekani, na ukumbi wake una kipaza sauti kimoja kinachofanya kazi kikitaka. Akatumia vidole: jibu la kwanza kidole kimoja, la pili viwili, mkono kifuani ili jirani asiibie. Karibu nusu ya ukumbi wakaonyesha kwamba uchakavu unatoka benki. Akawaambia wabishane dakika mbili. Anasema ukumbi ulinguruma hadi mlinzi akachungulia. Aliporudia kuuliza, wengi walikuwa wamehama. Si wote, wengine walihama kutoka jibu sahihi kwenda lisilo sahihi, wamezidiwa na jirani mwenye sauti kubwa. Hilo nalo alirudi nalo kwenye kikao, na likatupa kazi ya wiki mbili nyingine.

Mzunguko wenyewe ndio huo. Mtu analeta kitu kutoka darasani kwake, kitu cha kushikika, jibu la mtihani au rekodi ya dakika tano au swali aliloulizwa akakosa jibu. Tunasoma kidogo, wote kitu kimoja. Anajaribu. Anarudi kusema kilichotokea, hasa kilichoharibika. Kile cha kurudi ndicho makundi mengi wanakiruka, na ukikiruka ni kweli mnajifurahisha. Kusoma peke yake hakujawahi kubadilisha somo langu hata moja. Nimesoma kuhusu ukimya baada ya swali tangu nikiwa mwanafunzi: Mary Budd Rowe alionyesha, katika miaka ya 1970, kwamba walimu wa shule husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu, na kwamba wakifikisha sekunde tatu majibu yanarefuka na wanaoongea wanaongezeka. Nilikuwa nafundisha habari hiyo. Nikawafundisha walimu! Siku mwenzangu wa fasihi alipokuja kukaa nyuma ya darasa langu na saa ya simu, nilikuwa nasubiri chini ya sekunde mbili.

Sasa lugha, maana hapa ndipo kundi letu lilipofunguka na sikuwa nimelitegemea. Maandishi karibu yote haya ni ya Kiingereza, na vikao vya mwanzo tulijadili kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo desturi ya idara. Kiingereza kinaficha. Unaweza kukaa saa nzima unayapanga maneno ya makala vizuri, kila mtu anatikisa kichwa, kumbe hakuna aliyeelewa. Siku moja mtu wa fasihi akasema, hebu tuyaseme kwa Kiswahili. Tulikuwa tunasoma utafiti wa Ference Marton na Roger Säljö wa Göteborg, wa 1976: waliwapa wanafunzi maandishi wasome, kisha wakawauliza walikuwa wanasomaje. Wengine walikuwa wanatafuta mwandishi anataka kusema nini. Wengine walikuwa wanakusanya vitu vya kukumbuka watakapoulizwa. Aina hizo mbili tuliishia kuziita kusoma kwa kuzama na kusoma kwa kuelea, baada ya ubishi wa nusu saa ambao ulitufundisha makala yenyewe. Someni kwa Kiingereza, zungumzeni kwa Kiswahili. Na mtu akishakiri kwamba yeye mwenyewe, na shahada zake tatu, hakuelewa jambo hadi aliposikia kwa Kiswahili, anaanza kuwaangalia wanafunzi wake kwa jicho jingine.

Cheo kinahitaji uangalifu. Profesa akianza kusema, kikao kimefungwa. Waliobaki wanaongezea nyama kwenye maneno yake. Kwetu mwenye cheo cha chini ndiye anayeanza, na profesa anasema mwisho kama bado lipo la kusema. Aliyeleta jibu la mtihani naye ananyamaza dakika kumi za kwanza, anatusikiliza tukilisoma. Ni ngumu, kwa sababu kila mtu anataka kujitetea. Na yanayosemwa mle yanabaki mle. Mhadhiri anayekiri mbele ya wenzake kwamba watu hawamwelewi amewapa kisu. Akikisikia kimetajwa kwenye kikao cha idara, hatarudi, na wewe hutajua kwa nini.

Hapo ndipo nalijibu la Mkuu wa Idara. Kubali chumba. Kubali saa mbili za kikao zisipangiwe kipindi wala kikao kingine, hii ni kubwa kuliko posho. Ikiwezekana kubali zihesabiwe kwenye mzigo wenu wa kazi. Rejesta na ripoti ya kila mwezi zikatae kwa adabu, usimwambie "hapana", mwambie utampa kitu bora zaidi: mwisho wa muhula, nusu ukurasa unaosema mlijaribu nini katika masomo gani na mmeona nini, bila jina la aliyesema nini. Mkuu wa Idara mwenye busara atafurahi, maana anayo ya kupeleka kwa Amidi. Akisisitiza rejesta, mpe, lakini ujue utapata tena watu tisa, na wote watakuwa wamekuja kusaini. Akitaka kuja mwenyewe, aje na jibu la mtihani la darasa lake. Wengi hawaji.

Ukubwa usikutishe. Milton Cox, aliyezikuza jumuiya za walimu za aina hii Miami University, Ohio, zilizoanza pale mwaka 1979, alipendekeza watu kama 8 hadi 12 kwa mwaka mzima, kutoka fani mbalimbali. Mimi naona hata watano wanatosha, na hilo la fani mbalimbali ni muhimu kuliko idadi. Watu wa idara moja wanashindana, na wanabishana kuhusu mada badala ya ufundishaji. Ukiwa na mtu wa uuguzi, inakubidi umweleze kwa nini mkengeuko sanifu unawashinda wanafunzi wako, na katikati ya kumweleza unajisikia mwenyewe unavyoeleza vibaya.

Kukutana kila baada ya wiki mbili kunatosha, mara sita kwa muhula, msikutane wiki za mitihani. Chai na karanga, mnachangishana. Kundi la WhatsApp ni la kutumiana makala na kukumbushana saa tu. Likiachwa litajaa heri za sikukuu na taarifa za misiba, na mtu atalifunga sauti. Ukiambiwa haya ni mambo ya wenye pesa, jua kwamba William Osler alianzisha kundi la madaktari la kusoma majarida pale McGill, Montreal, mwaka 1875, kwa sababu majarida yalikuwa ghali kwa mtu mmoja kuyanunua. Na pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanafunzi wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika ambacho Yoweri Museveni alikuwa mwenyekiti wake na Walter Rodney mmoja wa walimu waliokuwa karibu nacho, walikuwa na madarasa yao ya Jumapili ya kusoma na kubishana, hadi chama kilipopigwa marufuku mwaka 1970. Hakuna aliyelipwa. Ingawa, niseme, wao walikuwa wanasoma ili kuibadilisha dunia, sisi tunahangaika na ukumbi mmoja wa mihadhara.

Cha kusoma baada ya Mazur, kwa mtu wa takwimu kama wewe, ningeanza na Roediger na Karpicke, 2006. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi. Kundi moja wakakisoma tena, jingine wakafunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Dakika tano baadaye waliosoma tena walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: 42 kwa 56. Wanafunzi wako wanaokesha na madesa usiku wa kuamkia UE wanaiishi ile dakika tano, na wanatoka asubuhi wakiwa na uhakika kwamba wanajua. Unaweza kujaribu kesho: dakika tatu za mwisho wa kipindi, madaftari yafungwe, waandike walichobaki nacho.

Halafu Scott Freeman na wenzake, 2014. Walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye mihadhara ya kawaida walioshindwa walikuwa wastani wa asilimia 33.8, pale wanafunzi walipofanyishwa kazi darasani, 21.8. Theluthi yako ndiyo hiyo 33.8. Kwa darasa la watu 400, tofauti hiyo ni kama watu 48 wasioandika sapu. Lakini msiipokee kama Msahafu. Wewe una jicho la takwimu, uliza wewe: tafiti ngapi ziligawa wanafunzi kwa bahati nasibu? Walimu waliojitolea kubadilika si ndio wale ambao tayari walikuwa wanajali? Darasa la watu mia nne wasio na viti vya kutosha lilikuwemo? Kikao cha kuichambua makala hiyo kitakuwa chako, na wenzako watajifunza takwimu bila kujua.

Mwisho, kabla hamjajaribu kitu kikubwa, msome Louis Deslauriers na wenzake, 2019, Harvard tena. Wanafunzi walioshughulishwa walijifunza zaidi kuliko waliohadhiriwa na mhadhiri hodari, ila wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Fomu zako za tathmini zitasema "mwalimu hafundishi, tunajifundisha wenyewe". Waeleze mapema, wiki ya kwanza, kwa nini unafanya unavyofanya. Mimi sikueleza, na muhula ule alama zangu za tathmini zilishuka hadi nikaitwa ofisini.

Makala hizo mbili, ya Freeman na ya Deslauriers, zinapatikana bure kwenye tovuti ya jarida la PNAS. Nyingine muulize mkutubi kama chuo kimesajiliwa Research4Life, inayofungua majarida kwa taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Vyuo vingi vimesajiliwa na wahadhiri hawajui.

Wale watatu waliobaki ndio kundi. Usiwafuate waliokimbia, mtu wa uhasibu hakutafutwa na mtu, alisikia tukicheka kupitia ukutani. Alhamisi ijayo kila mmoja wenu aje na jibu moja la mtihani wa muhula uliopita lililomnyima usingizi, namba imefunikwa. Makala ya Mazur pigeni kopi tatu. Ni karatasi tatu, nyuma na mbele.